Sauti ya Motuvea

Wahome alifunga leso ya mkewe kwenye maikrofoni, akabana pua kwa vidole viwili, akaanza kusema Kiingereza cha mtu aliye mbali sana.

"Hapa ni Motuvea. Motuvea inaita Afrika Mashariki. Kuna mtu?"

Hakuwa Motuvea. Alikuwa Kinoo, pembeni mwa Nairobi, chumba cha nyuma cha duka lake la vifaa vya ujenzi, amekalia ndoo ya rangi. Motuvea ni kisiwa cha huko Pasifiki kisichokaliwa hata na mbuzi. Wiki hiyo Wajapani wanne walikuwa wamepiga kambi huko na redio zao, ili wapenzi wa redio wa dunia nzima wawaite, na kila atakayejibiwa atumiwe kadi ya ushahidi. Wangefunga Jumapili hii saa sita mchana. Hakuna aliyejua kama kuna watu watakaofika huko tena.

Tangu Jumatatu Wahome alikuwa ameita mpaka koo likamkauka, na hakujibiwa. Katika nchi zote za orodha yake ya kadi, ambamo hata kisiwa huhesabiwa nchi, ilibaki hiyo moja tu. Manjit Singh, mzee aliyemfundisha redio, alikuwa na pengo hilohilo kati ya kadi alizobandika ukutani kwake. Nyumba ya Manjit ya Parklands ilikuwa na kelele nyingi za umeme, kwa hiyo asubuhi hii alikuwa ameketi kwenye bustani ya Uhuru Park, waya wa eria ya kunasia mawimbi juu ya mti na betri ya gari miguuni, akiita kisiwa kilekile. Basi Wahome akaona kwamba akikosa kadi, angalau kicheko asikikose.

Redio ilikwaruza kidogo.

"Motuvea, hapa ni Nairobi," alisema Manjit. Sauti yake ilitetemeka. "Nimekutafuta miaka kumi na tisa."

Wahome aliuma ulimi asicheke. "Nairobi, nakupata vizuri. Sawasawa."

Redio ilikwaruza tena.

"Asante sana," Manjit akasema. "Ombi moja tu, bwana. Nina rafiki yangu iko Kinoo, anaitwa Wahome. Mtu mzuri sana, na hii nchi yeye hana. Wewe ita yeye pia. Mimi natoka, apate nafasi."

Wahome aliachia pua, kicheko kimemwisha. Mkewe, Wahu, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametafuta leso yake nyumba nzima.

"Baba Becky, huyo si ni yule mzee alikaa na wewe mwaka mzima akikufundisha?"

"Ni mchezo tu."

"Mchezo gani na mtu karibu alie? Enda umwambie. Na si kwa redio. Umwangalie kwa macho."

Tena haikuwa mzaha mtupu. Kila kituo kina jina lake la herufi na tarakimu, kama namba ya gari, na kutumia la mwenzako ni wizi. Mtu akijulikana kwa mchezo huo, hewani hakuna anayemjibu tena. Wahome aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Alizima redio, akarudisha leso, akaingia kwenye pikapu yake saa tano na dakika ishirini.

Hakuendesha kwa haraka. Nani ana haraka ya kwenda kuaibika? Pale Westlands alisimama akanunua sambusa nne, akijua vizuri kwamba ni za kujikinga.

Saa sita ilikuwa imepita kwa dakika chache alipomkuta Manjit chini ya mti wake, kilemba cha buluu kichwani, akikunja waya taratibu.

"Mzee Singh, nimekuja kusema kitu mbaya. Ile Motuvea ilikuwa ni mimi."

"Mimi najua." Manjit alichukua sambusa. "Mtu gani ya Pasifiki, katikati ya Kiingereza yake, anasema sawasawa?"

"Ulijua? Na ile maneno yote ya kuniombea?"

"Nilitaka kuona kama utakuja. Sasa umekuja. Kaa chini, kula."

Wahome alikaa. Mzigo ulimtoka kifuani, akacheka, na mzee akacheka, mpaka askari wa bustani akageuka kuwatazama. Wakati huo Wahome angeapa mbele ya pasta yeyote kwamba kadi ya kisiwa si kitu, urafiki ndio kitu.

"Lakini nakushukuru," Manjit akasema, akifungua daftari lake. "Umenisaidia sana. Wewe kutoka tu, mwenyewe anaingia. Ule wa kweli. Amesikia mtu anatumia jina yake, amekasirika kabisa. Nikamjibu haraka haraka, nikampata. Angalia."

Wahome aliangalia. Saa tano na dakika ishirini na tano, Motuvea. Mzee alikuwa amepiga mstari chini yake mara mbili.

"Na mimi je, Mzee?"

"Wewe nilikutetea. Nilimwambia huyo mwizi ni rafiki yangu, iko Kinoo, amuite tu, ataomba msamaha." Manjit alipangusa ndevu kwa mkono. "Bwana, amekuita nusu saa nzima, mpaka wenzake wakang'oa eria."