Kivuli cha Dishi

Nilipolisukuma dishi kando, kivuli chake kiliondoka kwenye paneli, na namba kwenye simu yangu ikapanda taratibu kutoka wati tisini hadi mia tatu.

Nikachuchumaa juu ya bati la moto. Kontrola ya sola hutafuta nguvu kwa kupapasa, kama mtu anayepanda kilima gizani: anapiga hatua, akiona anapanda anaongeza nyingine. Kivuli kikiangukia paneli, vilima vinakuwa viwili. Yetu ilifika juu ya kile kidogo, ikaridhika, ikakaa hapo wiki nzima. Betri haikujaa hata siku moja.

Juzi alfajiri mashine ya oksijeni ya mama ikazima.

Dishi alilifunga mdogo wangu, bila kuniuliza mimi fundi, ili mama apate wasomaji wa habari wa kubishana nao akiwa kitandani. Kila nati alikuwa ameivika kipande cha nailoni isije ikashika kutu.

"Kaka!" aliita kutoka chini, akinishikia ngazi. Macho yalikuwa yamemvimba tangu mazishi. "Umeona nini huko?"

Nikaizima simu.

"Betri," nikasema. "Ilikuwa imechoka."

Betri niliileta mimi, ya mtumba, nikaapa mbele ya ndugu wote kwamba haina shida.



"Shuka," akasema, akaiachia ngazi.