Bata na Dari Nyeusi

Usiku wa manane palisikika mlio, tatata, kama mahindi yanayokaangwa, na Bata akaamka akakuta pazia linawaka na moto umeshafika kwenye cherehani yake. Aliwatoa vifaranga wote wanne. Cherehani hakuiwahi, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Asubuhi Nungunungu, wakala wa bima, alikuja na karatasi zake. Bata akajificha nyuma ya pipa, maana siku ya kukata bima alimwambia kwamba hapiki kamwe ndani ya chumba cha kushonea, akiogopa kukataliwa.

"Toka, Mama Vifaranga. Cherehani yako italipwa."

"Italipwaje, Bwana Nungunungu, na mimi nilikudanganya, jiko lilikuwa nyuma ya pazia, kila siku napika humo humo, watoto wanasikia baridi, niliogopa."

"Nilijua. Dari yako ilikuwa nyeusi kwa masizi. Niliandika kwamba unapika ndani, nikakusomea, ukaitikia huku unamlisha mdogo. Ndiyo maana ada ilipanda. Ningeandika ulivyosema, leo usingepata kitu."

Bata akainamisha shingo mpaka mdomo ukagusa majivu. Ada ilipopanda, alizunguka soko zima akisema Nungunungu ni mwizi, hata Mbuzi muuza maziwa akavunja bima yake.

"Nilikuita mwizi," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilisikia," alisema Nungunungu, akimpa kalamu. "Tia sahihi hapa. Habari ya uongo wako sitamwambia mtu mwingine."