Nyota za Bure

Muuzaji alimsogezea Sikudhani tableti. “Mchezo huu unafundisha kuhesabu, mama. Watoto wanaupenda mno.”

Sikudhani hakumwamini. Binti yake, Zawena, aliyesimama kando yake, alikuwa na michezo ya namna hiyo nyumbani, na bado alibahatisha tu kila alipoulizwa idadi ya kitu. Akaamua kuujaribu mwenyewe. Kwenye kioo yalitokea machungwa matatu. Kwa makusudi akabonyeza saba. Nyota zikamwagika.

“Hongera! Una akili sana!” mchezo ukatangaza.

“Mbona unanisifu, na nimekosea?”

“Ili mtoto asivunjike moyo,” muuzaji alisema.

“Nipe mwingine.”

Akamfungulia mwingine, shingo upande. Bata alitaka kuvuka mto, na daraja lilipungukiwa vibao vinne. Sikudhani akampa Zawena tableti, naye akaweka viwili. Bata akafika katikati, akasimama. Hakukuwa na nyota wala muziki. Mtoto akamtazama mama yake, machozi yakimlenga. Muuzaji akanyoosha mkono amwonyeshe.

“Mwache,” Sikudhani alisema, akaushika ule mkono.

Zawena akainamia kioo. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya mapengo, moja baada ya jingine, huku akinong'ona.