Mto wa Ukutani

Kila nyumba hapa ina ukuta mmoja wa rangi hai: vilima vya kijani, mto, ng'ombe wakila majani. Ukuta huo hunywa maji, na sheria ilitaka unywe kabla yetu. Wiki hii, kwa sababu ya ukame, sheria imelegezwa. Tuuache ukauke, wakuu wamesema.

Mume wangu hataki. Alichunga ng'ombe maisha yake yote kabla ya kuletwa humu ghorofani, na hawa wa ukutani amewapa majina ya wale waliomfia.

"Baba Nashipai, hiyo ni rangi tu!" nilimpigia kelele asubuhi, nimelikumbatia dumu letu la mwisho. "Mtoto ana homa!"

"Mtoto anaweza kuomba maji," alisema. "Ng'ombe hawezi."

Akaninyang'anya dumu, akaumwagia ukuta maji yote. Nyasi zikainuka. Ng'ombe wakanona mbele ya macho yetu, naye akawaimbia huku machozi yakimtiririka.

Nilipogeuka, Nashipai alikuwa ameshuka kitandani. Hakuomba kitu. Alipita katikati yetu, akapiga magoti ukutani, akaanza kuulamba mto.