Aliyekataa Kahawa

Mvua ilikuwa inamwagika, na yule mwanamke akashuka garini bila koti. Alivaa fulana ya pamba iliyofuliwa mpaka ikachuja, nywele zimemganda usoni, mikononi glavu nyembamba. Gunvor alimfungulia mlango huku amempakata mjukuu wake, Tyra.

"Mimi naitwa Malin, natoka maabara. Naomba kuchukua maji ya bomba lako la jikoni."

"Ingia, mwanangu, utakufa na baridi! Koti huna?"

"Ninalo garini. Kwa kazi hii haliruhusiwi, linaweza kuharibu vipimo."

Malin alifungua bomba, akayaacha maji yakimbie muda mrefu, kisha akakinga chupa kwa uangalifu wa mtu aliyeshika nyoka.

"Mnatafuta nini humo?"

"Kemikali ya viwandani. Hata kwenye povu la kuzimia moto imo. Haina rangi, haina harufu. Ukiinywa miaka inaleta saratani."

"Na humu ipo?"

"Siwezi kusema kabla ya majibu, mama."

Gunvor alimtazama Tyra. Vendela, binti yake, maziwa yalimkauka mapema, kwa hiyo mtoto alikuwa analelewa kwa maziwa ya unga, na unga hukorogwa kwa maji. Maji ya bomba hilo hilo. 

Lakini mgeni ni mgeni. Kahawa ilikuwa tayari, mikate ya mdalasini bado ya moto. Akamimina kikombe.

"Asante, sitakunywa."

"Kidogo tu, upate joto."

"Hapana, mama. Siku ya kuchukua maji hatuli wala hatunywi chochote. Ni masharti ya kazi."

Katika mji ule mtu hakatai kahawa ya watu ila ana ugomvi nao, au yuko mahututi. Huyu hakuwa na ugomvi, na afya alikuwa nayo tele. Gunvor alibaki na birika mkononi, akimwangalia anavyokimbilia gari.

Alasiri alimsimulia jirani yake, mzee Sixten. Sixten alicheka.

"Labda kahawa yako ndiyo sumu, Gunvor. Mimi nimeinywa miaka yote, ona nilivyochakaa."

"Cheka tu. Mpimaji wa maji anakataa kahawa iliyopikwa kwa maji anayoyapima! Mwenye macho haambiwi tazama."

Kicheko kilimwisha Sixten.

Vendela ndiye aliyepinga kuyaacha maji ya bomba. "Mama, tungoje majibu."

"Majibu yalishakuja hapa, yamevaa fulana. Wewe ngoja. Mtoto hangoji."

Sixten alikuwa na gari, na madumu hayakukosekana. Msituni, chini ya kilima, kulikuwa na chemchemi iliyojengewa mawe tangu enzi za babu zao, maji yake baridi ya kuuma meno. Alileta dumu la Gunvor, kisha la mama wa nyumba ya pili, kisha la kila aliyeomba. Lisemwalo lipo, watu waliambiana, na kabla theluji ya kwanza haijaanguka karibu mtaa mzima ulikuwa umeyasusa maji ya bomba. Gunvor alisalimiwa dukani kwa heshima mpya. Usiku akaanza kupata usingizi.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa Malin, tena amechangamka.

"Gunvor? Majibu yametoka. Maji yako ni safi kabisa. Na kusema kweli tulitarajia hivyo, kwa sababu yanatoka ziwani, mbali na uchafu. Tuliyachukua ya kulinganishia tu."

"Kulinganishia na nini?"

"Na chemchemi ile ya msituni. Zamani zimamoto wa uwanja wa ndege walikuwa wanafanya mazoezi juu ya kilima, na povu lao lote likazama ardhini. Tangu nianze kazi sijaona vipimo vya kutisha namna ile. Kesho tunaizungushia uzio." Malin akashusha pumzi. "Afadhali siku hizi hakuna anayekunywa maji yale."

Gunvor aliinamisha macho. Mapajani mwake Tyra alikuwa amefumba macho, ananyonya chupa yake kwa pupa, na maziwa yalikuwa yamebaki kidogo tu.