Maji ya Mgonjwa

Kutoka mjini hadi maporomoko ya msituni hapakuwa mbali. Mtu alikwenda na kurudi chai haijapoa. Ila maji ya mgonjwa yalibebwa kimya. Ukimjibu mtu njiani kabla mgonjwa hajayanywa, hayaponyi tena.

Nakijwa alijaza kidumu, akashika njia mbiombio. Mwanawe, Mbonea, alikuwa hoi kwa homa, na dawa za zahanati hazikufua dafu.

Kwenye kona akakutana na wifi yake, pekupeku, macho yamemvimba.

“Wifi, yamwage hayo maji. Twende nyumbani.”

Nakijwa akakikumbatia kidumu.

“Nijibu basi, wifi! Mtoto…”

Nakijwa akageuka, akakimbia kurudi msituni, hadi pale mngurumo wa maji ulipomeza kila sauti. Wifi yake akamfuata, akasimama ukingoni, akifungua na kufumba mdomo. Nakijwa hakumtazama. Alikifungua kidumu kilichojaa pomoni, akakikinga tena chini ya maporomoko, maji yakifurika na kummwagikia miguuni. Midomo aliibana kwa meno.

Alikuwa bado hajamjibu mtu.