Herufi za Tanzia

Waliokuwepo katika chumba cha chapa ni Mzee Chande, mwenye mtambo. Bintiye Zuhura, mpanga herufi. Na Bi Nasra, mkunga aliyeleta kazi ya bango la zahanati yake mpya.

Bi Nasra alizigusa herufi kubwa za mbao, zenye miguu minene, viungo vyembamba kama uzi na visigino vilivyochongoka.

"Jina langu nalitaka kwa hizi."

"Hizo ni za tanzia, Bi Nasra," alisema Zuhura. "Watu watakuja na sanda."

"Waje. Wengi wao niliwapokea mimi, nawe ukiwemo. Au nisubiri kufa ndipo nisomeke kutoka ng'ambo ya barabara?"

Mzee Chande aliipaka wino herufi moja, akaigandamiza karatasini. Ilitoka nyeusi, imesimama wima. Akawageukia.

"Kuanzia leo, hizi ni za walio hai pia."